Mkeka wa Sikukuu

Ukitaka kuujua mkeka, ugeuze. Upande wa juu kila msukaji huupamba, na rangi mpya hung'aa hata kazi ikiwa hafifu. Upande wa chini ndiko chane, vile vipande vyembamba vya majani, zinakoishia, na ndiko mkono wa mtu unakojulikana. Pitisha kiganja polepole kutoka pembe hadi pembe. Kikikwaruzwa na ncha za chane zilizoachwa wazi, mkeka huo ulisukwa kwa haraka. Kikiteleza, hapo pana fundi: kila chane mpya ilipachikwa juu ya ile inayokwisha, zikaenda pamoja mapindo kadhaa, ndipo masalio yakakatwa karibu kabisa na msuko, na baada ya kukatwa hapana kinachofumuka.

Nimeishika mikeka mingi ya Unguja, ya Makunduchi na ya Jambiani, na ile inayotundikwa mbele ya maduka Darajani, na mpaka leo nikiona mzuri husimama. Naamini hapa kisiwani hakuna ufundi unaotumiwa na watu wengi kama huu na kusifiwa na wachache kama huu. Mlango wa nakshi una wapigapicha wake. Jahazi lina washairi wake. Mkeka hukaliwa, na anayeukalia mara nyingi hajui hata aliyeusuka ni wa kijiji gani.

Mkeka wetu haufumwi kwenye kitanda cha mfumi kama nguo, wala hausukwi mzima kwa mpigo mmoja. Kinachosukwa ni ukili, utepe mwembamba wa upana wa vidole kadhaa, unaoendelea pima baada ya pima bila kukatika. Kadiri unavyorefuka, msukaji huuviringisha. Ukishatimia hukatwa vipande vya urefu mmoja, vikapangwa ubavu kwa ubavu na kushonwa. Kikapu na kawa vina njia nyingine: ukili huzungushwa wenyewe kwa wenyewe kuanzia katikati, na kila mzunguko ukashikizwa kwenye ule uliotangulia. Kwa hiyo anayejua kusuka ukili ulio sawa ana mlango wa kuingilia kazi zote, na asiyejua hana hata mmoja, awe hodari wa kushona namna gani.

Kazi huanzia porini. Mkindu ni ndugu wa mtende, mti unaopenda ardhi yenye unyevu, na kinachotafutwa kwake ni makuti machanga ya katikati ambayo bado yamefumba. Hayo ni laini, hayajapigwa na jua, na yakikauka hupauka vizuri. Mkataji mwenye busara huchukua machache na kuuacha mti uendelee kuchipua. Anayekomba moyo wote hurudi mwakani akakuta kisiki. Majani huchambuliwa, huanikwa, huanuliwa jioni, huanikwa tena. Yakinyeshewa kabla ya kukauka hupata madoa ambayo hakuna rangi itakayoyaficha, na ndiyo sababu mtu hujiwekea makindu yake wakati wa jua kali la kaskazi, ili masika yakiingia awe na cha kusuka ndani. Miyaa, iliyo ngumu na pana zaidi, hufanyiwa majamvi na makanda. Sina dharau na jamvi, lakini mkindu ndio unaoonyesha mkono.

Rangi za siku hizi ni za unga wa dukani, zinazochemshwa kwenye sufuria iliyostaafishwa jikoni. Wazee walipata weusi kwenye mizizi ya mdaa. Majani hutumbukizwa yakiwa mafungu, yakageuzwageuzwa ili rangi ishike sawa, kisha yakaanikwa kivulini. Baada ya hapo ndipo yanapochanwa kuwa chane, kwa ukucha au kwa kisu kidogo, na hapo macho ndiyo kipimo pekee. Chane moja ikizidi mwenziwe kwa upana wa uzi tu, haitaonekana leo. Itaonekana ukili ukifika pima ya tano, umeanza kuelemea upande mmoja.

Sasa mtazame akisuka. Ameketi barazani, miguu ameinyoosha mbele yake, na mwanzo wa ukili ameubana kwa dole gumba la mguu. Pembeni ana bakuli la maji. Chane huloweshwa kidogo tu: ikiwa kavu hukatika kwenye pindo, na ikilowa mno hunywea inapokauka ikaacha matundu. Chane za kulia huenda kushoto zikipita juu ya mbili, chini ya mbili. Za kushoto huja kulia kwa mwendo huohuo. Ikifika ukingoni, chane hukunjwa na kurudishwa ndani. Pindo hilo dogo ndilo kazi yote. Akilivuta kwa nguvu, ukili hupinda, akililegeza, hutanuka. Mkono unapaswa kuwa na nguvu ileile asubuhi na alasiri, siku ya furaha na siku ya kuudhiwa, kwa sababu kipande cha leo kitashonwa ubavuni mwa kipande cha wiki iliyopita, na vikitofautiana hakuna sindano ya kuvipatanisha.

Bibi anayemfundisha mjukuu wake hatazami katikati ya ukili. Huunyanyua mbele ya uso, akafumba jicho moja, akatazama ukingo kama seremala anavyotazama ubao uliotoka kwenye randa. Kisha hutoa neno moja: "Fumua." Mtoto hufumua, wala habishi. Ameshaambiwa kuwa aibu ya kufumua hukaa ndani ya nyumba, na aibu ya ukili uliopinda hutandikwa mbele ya watu.

Na mapambo? Hakuna mchoro wa karatasi. Mapambo huzaliwa na mpangilio wa chane mwanzoni kabisa: nyekundu ngapi, nyeupe ngapi, nyeusi ikae ya ngapi. Baada ya hapo rangi husafiri zenyewe kwa mshazari, zikakutana na kuachana, na kwenye mkutano huo ndipo linapotokea umbo la almasi au la mawimbi. Chane nyekundu ikiisha, inayoingia mahali pake lazima iwe nyekundu, na iingie papo hapo, si pindo moja mbele. Anayefanya hivi anazungumza na jirani, anajibu salamu za wapita njia, anamkemea kuku aliyeingia kwenye mchele, na hesabu haimpotei. Mimi huona huo ni ufahamu wa hali ya juu, nao unastahili kuitwa hivyo bila kusitasita.

Kushona ndiko ninakokupenda kuliko vyote. Sindano ni kubwa, uzi ni ugwe mwembamba wa kindu lenyewe. Kila ukili una vitanzi vidogo pembeni, vile vilivyobaki pale chane zilipokunjwa. Sindano hupita ndani ya kitanzi cha ukili huu, kisha cha ule, ugwe ukavutwa mpaka kingo mbili zikaumana. Ikiwa ukili ulisukwa sawa, vitanzi vya pande zote mbili vinalingana kwa idadi, na mistari ya mshazari ya kipande kimoja inaungana na ya kipande cha pili kana kwamba haijawahi kukatwa. Ukiutazama mkeka kama huo kutoka juu huoni mishono. Utaihisi ukipapasa kwa ncha ya kidole. Mkeka wa haraka hufia hapohapo kwenye mshono. Watu husema umechakaa, kumbe ukili bado ni mzima, ni mishono tu iliyoachia. Mwisho huja taraza, ukingo wa kuzunguka pande zote, na wengi huitia rangi iliyokoza kuliko zote.

Ukiuliza mkeka huchukua saa ngapi, hutapata jibu la maana, kwa sababu ukili hausukwi kwa kikao kimoja. Unakwenda na mwenyewe. Utamwona mtu anatoka kumjulia hali mgonjwa, ukili uko kwapani chini ya kanga, vidole vinakwenda. Tangu kilimo cha mwani kilipoingia pwani ya mashariki mwishoni mwa miaka ya 1980, wanawake wa Paje, Jambiani na Makunduchi wana mdai mwingine wa mikono yao. Wakati wa bamvu, maji yakitoka mbali, wako pwani na mwani wao. Maji mafu yakiingia, vitalu vimebaki chini ya maji, ukili hurudi mapajani. Mkeka mmoja unaweza kuwa umepitia bamvu kadhaa kabla ya kushonwa.

Hata hivyo kuna kitu kinachomfanya mtu amalize, nacho ni sikukuu. Bila tarehe mbele yake, ukili ungebaki umeviringishwa uvunguni mwa kitanda miaka na miaka. Mwezi wa Shaabani nyumba hufagiwa na mikeka hupangiwa vyeo upya. Mpya hutandikwa sebuleni. Uliokuwa sebuleni hushuka chumbani. Wa chumbani huenda jikoni. Na jamvi lililotoboka hutolewa nje kuanikia karafuu. Kisha Ramadhani huingia. Ukipita vichochoro vya Mji Mkongwe karibu na magharibi, utaona wanaume wametandika mkeka barazani, kila mmoja ameleta sinia kutoka kwake: mihogo ya nazi, majimbi, tambi, kaimati, tende. Juu ya sinia kuna kawa. Kawa nzuri ni ukili uliozungushwa mpaka ukasimama, na rangi zake zimepanda kwa duara hadi kileleni. Kazi hiyo ya kufunika chakula kwa nusu saa imechukua jioni nyingi za mtu ambaye hayupo pale kula. Inasikitisha kwamba sasa sinia nyingi hufunikwa kwa kawa za plastiki.

Idd ikiandama, watu huenda kusali na misala yao kwapani, na kwa siku nne watoto huvaa nguo mpya na kumiminika Mnazi Mmoja. Mfungo Sita huja na maulidi. Waliowahi kuona maulidi ya homu ya Mtendeni wanajua safu ile ya wanaume waliopiga magoti, miili ikiyumba pamoja kama mtu mmoja, na wanajua pia kwamba magoti hayo yanahitaji kitu cha kupigia kwa muda mrefu kiasi hicho.

Lakini mahali ambapo mkeka una heshima yake kamili ni Makunduchi, siku za Mwaka Kogwa. Mwaka huo si wa mwezi, ni wa jua, nao ndio Nairuzi iliyotufikia kutoka Uajemi. Una siku 365 zilizogawanywa kwa miongo ya siku kumikumi, miongo 36, na siku tano za kufungia hesabu. Wakulima na wavuvi wameitumia miongo hiyo kujua mvua na pepo. Kwa kuwa mwaka huo hauna siku ya ziada kama ule wa kalenda ya ukutani, hurudi nyuma siku moja kila baada ya miaka minne: katika karne ya 19 wageni waliokaa Unguja waliandika kuwa unaanguka mwishoni mwa Agosti, na siku hizi tunauadhimisha katika nusu ya pili ya Julai.

Wengi huujua kwa mambo mawili. La kwanza ni wanaume wa pande mbili za mji, kaskazini na kusini, wanaopigana kwa mabua ya migomba mpaka kinyongo cha mwaka mzima kiishe. La pili ni kibanda cha makuti: mtu huingia ndani, kibanda huwashwa moto, naye hutoka mbio na kukimbilia porini, ili mwaka unaoingia usiwe na mtu wa kufa kwa moto. Wanawake, na kanga zao mpya, hupita kwa makundi wakiimba. Haya yote hupigwa picha. Kisichopigwa picha ni kinachofuata majumbani. Siku hiyo si vizuri nyumba kukosa mgeni, kwa hiyo chakula hupikwa kingi na mikeka hutandikwa mingi, na mpya kuliko yote huwekwa mahali ambapo wageni watakaa.

Hapo ndipo mkeka unapohukumiwa. Wanaokuja ni wanawake wa vijiji vya jirani, nao wanasuka tangu utotoni. Wanakaa, wanaulizana hali, wanapokea sahani, na huku mazungumzo yakiendelea vidole vya mmoja wao vinaikunjua pembe ya mkeka, vinatazama chini yake, vinairudisha. Hasemi kitu. Baadaye, akiaga, atauliza kama makindu yalitoka upande gani. Swali hilo ndilo sifa yenyewe, na mwenye mkeka analielewa.

Mbali na sisi, mjini Kyoto nchini Japani, mwezi huohuo wa Julai una tamasha la Gion. Magari makubwa ya mbao hupitishwa barabarani tarehe 17 na 24, yakiwa yamevikwa mazulia na vitambaa vya thamani, na kila mwaka huundwa upya kwa kufungwa kamba, bila kupigiliwa msumari. Maana yake ni kwamba kila Julai lazima wawepo watu wanaojua kufunga kamba zile. Tamasha huwadai, nao huwadai wanafunzi wao. Wajapani pia ni watu wa mkeka. Tatami ya manyasi ndiyo sakafu ya chumba cha asili, na mwaka 2020 UNESCO ilipoorodhesha ujuzi wa Japani wa kuhifadhi majengo ya mbao, ufundi wa tatami ulikuwamo. Mwaka mmoja kabla yake, 2019, Samoa iliandikisha mkeka wake uitwao 'ie Samoa, ambao wanawake huusuka kwa miezi, wakati mwingine kwa miaka, ili utolewe kwenye harusi, mazishi na kusimikwa kwa machifu.

Sisi Mji Mkongwe wetu uliingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000, na tangu 1985 una Mamlaka yake ya kuuhifadhi. Kuta za mawe na chokaa, boriti na milango vina mlezi. Hilo ni jambo jema na ningependa walezi hao wapewe nguvu zaidi. Ila nyumba ikishahifadhiwa, ndani yake hutandikwa nini? Orodha ya dunia ni heshima, na mkeka wa mkindu unaistahili, lakini haitamfanya msichana wa Makunduchi akubali kufumua. Kinachomfanya akubali ni kujua kwamba kuna mtu anausubiri mkeka wake kabla ya mwezi kuandama.

Mtu huyo ndiye anayepungua. Mkeka wa plastiki ni rahisi, huoshwa kwa maji ya bomba, na una rangi za kupendeza. Simlaumu mwenye watoto wengi na kipato kidogo. Ninachosema ni kwamba vitu hivi viwili havifanyi kazi moja. Plastiki hushika joto na kunata mgongoni. Mkindu hupitisha hewa, na mchana wa kaskazi anayelala juu yake anajua tofauti. Mkindu ukiharibika ukili mmoja hufumuliwa, ukapachikwa mwingine. Plastiki ikichanika huenda jaani na kubaki huko.

Biashara ya watalii nayo ina upande wake wa pili, na hili ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Maduka ya Mji Mkongwe hununua pochi, mikoba na vitu vidogo vya kutia mezani, na fedha hiyo inaingia mikononi mwa wanawake wanaoihitaji. Nawaombea wauze zaidi. Lakini mkoba unataka ukili mfupi. Msichana aliyejifunza kwa mikoba pekee hajawahi kulazimika kuushika upana uleule kwa makumi ya pima, wala kukutanisha mapambo ya vipande vingi. Anaweza kuwa na mikono hodari sana na bado asiweze kutoa mkeka mmoja wa kulala watu wawili. Ufundi wa mkeka unakaa kwenye urefu. Ukikosekana mnunuzi wa kitu kirefu, unapotea huku maduka yamejaa ukili.

Kuna na bei. Mnunuzi huona majani, na kwa kuwa majani yanaota bure porini, hudhani anachopatana ni majani. Anasahau kukata, kuanika, kuanua, kuchemsha, kuchana, kusuka kwa miezi, kushona. Ningependa siku moja tu wauzaji wa Darajani waitundike mikeka ikiwa imegeuzwa, upande wa chini ukitazama barabara. Pengine wapatanaji wangepunguza ukali.

Kwa hiyo, wewe unayesoma haya na una sebule, agiza mkeka. Usingoje wiki ya mwisho ya Shaabani, kwa sababu hapo utauziwa kilichopo. Rajabu ikiandama, nenda Makunduchi au Jambiani, au mtume shangazi ambaye ana jamaa huko. Peleka vipimo vya chumba chako, chagua rangi zisizozidi mbili au tatu, toa arbuni, na umwachie mwenyewe mapambo. Anajua kuliko wewe. Ukienda kuuchukua, ugeuze mbele yake, upapase, umsifu kwa kile unachokiona, kisha umalizie bei mliyoafikiana bila kupunguza. Na ukiurudisha nyumbani uviringishe, usiukunje, maana mkeka ukikunjwa chane huvunjika.